Mtoto Afunguaye Kila Kitu

 

Katika nyumba nyingi za Kiislamu yumo mtoto mmoja ambaye kitu kikiingia mikononi mwake hakitoki kama kilivyoingia. Saa ya mezani hukutwa imefunguliwa mgongo, redio mbovu hukutwa imemwagwa matumbo juu ya mkeka, na bisibisi ya baba haipatikani mahali pake. Wazazi humwita mharibifu, na majirani humwita mtundu. Wengine wamekuwa wakija kwetu chuoni wakitutaka tumtie adabu mtoto wa namna hii, ili akili yake irudi kwenye msahafu na vitabu vya skuli. Kwa miaka mingi jawabu letu lilikuwa moja: tulimkemea, na wakati mwingine tulimchapa. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini tumeliacha jawabu hilo, na ni kosa gani lililotupata kabla hatujaliacha.

Miaka miwili iliyopita, siku moja baada ya Adhuhuri, tulikuwa tukisomesha kama kawaida yetu. Tukitazama saa ya ukutani twaona ingali saa nane na nusu, tukaendelea kusomesha. Baadaye tukaitazama tena, ikawa ni saa nane na nusu ile ile. Kumbe saa ilikuwa imesimama, na sala ya Alasiri ya jamaa imekwisha kutupita, sisi na watoto wote tuliopewa amana nao. Tulipoiteremsha saa ile tukaona betri yake haimo. Tukauliza nani aliyeichukua, na mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili akainua mkono bila ya kuzungushwa.

Tuliufungua mkoba wake mbele ya wenzake. Chini ya juzuu yake tulikuta kibweta cha plastiki cha kutilia sabuni, kimetobolewa tundu, na ndani yake mna nyaya, betri mbili za tochi na ya tatu ni ile ya saa yetu, na vitu vidogo vidogo ambavyo hatukuvijua. Ghadhabu ilitushinda. Tuliitoa betri yetu, tukakitupa kile kibweta sakafuni na kukikanyaga kwa kiatu. Mtoto hakulia wala hakusema neno. Aliviokota vipande, akavitia mkobani, na kesho yake hakuja chuoni, wala kesho kutwa.

Siku ya nne akaja mama yake. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali alisema, “Maalim, sikuja kukulaumu. Betri aliichukua, na ni kosa lake, nami nimekwisha kumkanya. Lakini kile kibweta ilikuwa taa ya bibi yake. Bibi huamka kabla ya Alfajiri kwenda kutawadha, na mwezi uliopita umeme ulikuwa umekatika, akateleza kwenye ngazi ya uani, akaumia nyonga. Mtoto amekaa wiki tatu akiitengeneza. Alibakisha betri moja tu, na mimi siku ile sikuwa na pesa ya kumpa.”

Hatukuwa na la kumjibu. Sisi ambao kila mwaka husomesha mlango wa ghasbu, na kuwaeleza wanafunzi kwamba mwenye kuharibu mali ya mtu ana dhamana ya kuilipa, awe ameiharibu kwa makusudi au kwa ghadhabu, na awe mwenyewe ni mtu mzima au mtoto, tulikuwa tumeharibu mali ya yatima. Maana baba yake mtoto yule alikwisha kufariki. Betri ilikuwa mali yetu na tuliirudisha mkononi. Taa ilikuwa mali yake na tuliivunja. Mtoto alikosa mara moja, nasi tulikosa mara mbili: kwa kuharibu, na kwa kumfedhehesha mbele ya wenzake. Tulikumbuka kwamba mtu mmoja alipomtaka Mtume (s.a.w.) wasia, Mtume alimuusia asikasirike, na kila alipoomba zaidi alimrudishia lile lile. Hadithi hiyo tumeihifadhi tangu utoto, lakini siku ile haikutufaa kitu.

Jioni tulikwenda nyumbani kwao. Tulimtaka radhi mtoto mbele ya mama yake na bibi yake, naye akatutaka radhi kwa ile betri. Tukamuuliza thamani ya kitu tulichomvunjia ili tulipe. Akatujibu kwamba taa ndogo aliitoa katika tochi mbovu, nyaya katika redio ya marehemu baba yake, na kile kijitu chenye mistari ya rangi alipewa na fundi wa redio wa mtaani bila ya malipo. “Vyote havifiki bei ya mkate, Maalim,” alisema. Basi kitu cha kulipa kilikuwa kidogo, lakini wiki tatu za mtoto hatukuwa na fedha ya kuzilipa. Tukamwomba atufundishe alivyoitengeneza, tukae naye mpaka ikamilike mara ya pili. Hivyo ndivyo mwalimu alivyokuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wake.

Twapenda kuyaeleza aliyotufundisha, kwa sababu wazazi wengi hudhani kama tulivyodhani sisi, kuwa mambo haya ni mchezo usio na akili ndani yake.

Taa zile ndogo nyeupe zinazotumika katika tochi za siku hizi, ziitwazo taa za LED, zataka kiasi cha volti 3 ili ziwake. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Zikifuatanishwa betri tatu, kichwa cha moja kwenye kitako cha nyingine, hupatikana volti 4.5. Hizo ni nyingi kupita haja ya taa, na taa ikiunganishwa hivyo hivyo hupitisha umeme mwingi mno, ikapata moto na kufa upesi. Kwa hivyo huwekwa njiani kijitu kinachoupunguza umeme, ambacho mafundi hukiita rezista. Volti 4.5 ukitoa 3 zabaki 1.5. Mtoto aliridhika na umeme wa miliampia 15 upite katika taa yake, yaani ampia 0.015. Tulishika kalamu tukagawa 1.5 kwa 0.015, tukapata 100. Basi rezista itakiwayo ni ya omu 100. Ukitazama mgongoni mwake utaona mistari ya rangi: kahawia, nyeusi, kahawia. Kahawia ya kwanza ni 1, nyeusi ni 0, na kahawia ya pili yasema ongeza sifuri moja. Rangi zile si pambo, ni maandishi, na mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa akiyasoma na sisi hatuyajui.

Akatuonyesha pia kwamba taa hiyo ina miguu miwili, na mguu mrefu ndio wa upande wa chanya. Ukiigeuza haiwaki, wala haikupi sababu. Betri za tochi zilizo nzuri huiwasha taa kama hiyo kwa zaidi ya saa 100, ingawa mwanga wake hupungua kidogo kidogo. Ajuza akiiwasha kwa robo saa kila alfajiri, zitamtosha muda mrefu.

Kanuni tuliyoitumia katika kugawa ilipatikana Ujerumani na mwalimu wa skuli aitwaye Georg Simon Ohm, aliyeitoa katika kitabu mwaka 1827, na kile kipimo cha omu kimeitwa kwa jina lake. Tuliposoma habari zake tuliona jambo linalowahusu wazazi. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli katika mji wa Erlangen, mtu asiyepata skuli ya maana, lakini aliyejisomesha mwenyewe na kisha akawasomesha wanawe nyumbani hesabu na elimu ya maumbile. Mmoja akawa huyo Georg, na mwingine, Martin, akawa mwanachuoni wa hesabu. Kitabu cha Georg kilipotoka kilipokewa vibaya na wakubwa wa elimu nchini kwake, na haikuwa mpaka mwaka 1841 ndipo jumuiya ya wataalamu ya Uingereza, Royal Society, ilipompa medali yake kubwa. Mtu huyo hakuanzia katika kasri wala katika chuo kikuu. Alianzia kwenye meza ya fundi wa makufuli, karibu na baba ambaye hakumfukuza.

Wako watakaosema: “Hizo ni habari za Wazungu na mambo ya dunia; mtoto wa Kiislamu ana kazi ya kuhifadhi Kurani.” Nasi twasema kwamba kuhifadhi Kurani hakuna mfano wake, wala hatutaki mtoto aliache juzuu lake kwa ajili ya nyaya. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Suratul Anbiyaa, yatueleza kuwa Mwenyezi Mungu alimfundisha Nabii Daud (a.s.) kutengeneza mavazi ya kujikinga vitani, na katika Surat Sabaa kwamba alimlainishia chuma na kumwamrisha apime vizuri katika kuunga pete zake. Angalia vyema: kazi ya mkono wa Mtume, na ndani yake amri ya kupima. Nabii Nuhu (a.s.) alijenga jahazi huku watu wakipita na kumcheka. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Na Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyoeleza Bibi Aisha (r.a.), alikuwa akitengeneza viatu vyake mwenyewe nyumbani. Imam Ghazali, katika Ihyaa, amezitia kazi kama kilimo, ufumaji na ushoni katika faradhi za kutoshelezana, ambazo zikiachwa na watu wote, wote hupata dhambi.

Wala wazee wetu katika Uislamu hawakuishia katika kufuma na kushona. Huko Baghdad, yapata mwaka 850, ndugu watatu wana wa Musa bin Shakir, Muhammad, Ahmad na Hasan, waliandika kitabu cha hila za mashine, kilichoeleza vyombo kiasi cha 100: mitungi inayojifunga yenyewe, taa zinazojirekebisha, na chemchemi zinazobadili sura ya maji yake. Na katika nchi ya Diyarbakir, mwaka 1206, fundi Ismail al-Jazari alikamilisha kitabu chake kikubwa cha vyombo 50, vikiwemo saa za maji na mashine za kupandishia maji kutoka visimani. Al-Jazari hakuandika kwa kusikia. Aliandika aliyoyatengeneza kwa mikono yake, na alitanguliza kusema kwamba elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa vitendo hubaki katika shaka, haijulikani kweli yake wala uwongo wake.

Miongoni mwa vyombo vyake mna mashine ya kutawadhia. Sababu yake, kama alivyoeleza, ni kuwa mfalme wake hakupenda mtumishi asimame kummiminia maji mikononi wakati wa kutawadha, akataka chombo kitakachommiminia chenyewe. Tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka mtoto wetu. Mfalme alikuwa na al-Jazari wa kumtengenezea chombo cha udhu. Na ajuza mmoja katika mtaa wetu alikuwa na mjukuu wake wa kumtengenezea taa ya udhu, na mwalimu akaikanyaga kwa kiatu.

Tusiwasahau mabinti zetu. Ibn al-Nadim, aliyeiandika Fihrist yake mwaka 987, amemtaja binti wa fundi al-Ijli kuwa alikuwa mtengenezaji wa asturlabi, ile ala ya kupimia nyota na nyakati, na kwamba alifanya kazi Halab katika zama za Sayf al-Dawla. Kazi ile ni ya vidole vyepesi na hesabu sahihi. Binti anayeweza kushona kanzu kwa cherehani na kuhesabu mishono ya kofia asikatazwe kushika bisibisi kwa kuwa ni binti.

Na ikiwa msomaji ataka mfano wa karibu, wa zama zetu na wa jirani zetu, na amtazame kijana wa Malawi aitwaye William Kamkwamba. Mwaka 2001 na 2002 ukame na njaa viliipata nchi ile, na wazazi wake, wakulima wa wilaya ya Kasungu, wakawa hawana hata ada ya kumlipia skuli. Alikuwa na miaka kumi na minne. Badala ya kukaa kibarazani alikwenda kwenye maktaba ndogo ya skuli ya msingi, akakuta kitabu cha Kiingereza chenye picha za vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini picha alizisoma. Alikusanya baiskeli mbovu, feni ya trekta, dainamo ya baiskeli, na mabomba ya plastiki ambayo aliyapasha moto na kuyalaza yakawa mapanga ya kinu. Mnara aliusimamisha kwa miti ya mkaratusi. Watu walimwona amerukwa na akili, na hata mama yake alimhofia. Upepo ulipovuma taa ikawaka mkononi mwake, na baadaye nyumba ya wazazi wake ikapata taa na redio, na watu wakaja kutia umeme simu zao.

Jambo moja katika kisa chake latupasa kulitia maanani sana. Nyaya za kinu zilipita karibu na paa la nyasi, naye akahofia kuwa zikigusana zitaunguza nyumba. Basi akatengeneza kwa misumari, waya na sumaku kikatishio kinachoukata umeme unapozidi. Yaani kijana asiyekuwa na mwalimu alifikiri habari ya hatari kabla ya kujisifu kwa kazi yake. Mwaka 2007 alialikwa Arusha, hapa Afrika ya Mashariki, kueleza kazi yake mbele ya wageni wa nchi nyingi, na mwaka 2014 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Dartmouth, Marekani. Lau kama mtu angekikanyaga kile kinu siku ya kwanza, hayo yote yasingalikuwa.

Hata hivyo hatukuandika makala haya ili wazazi wawaache watoto wafanye watakavyo. Mwenye kumwachia mtoto umeme bila ya kumwongoza ni kama mwenye kumwachia kisu. Baada ya kisa kile tulikwenda kwa fundi wa redio wa mtaani, mtu mwenye umri na uzoefu, tukamuuliza hatari zake. Tumezikusanya pamoja na masharti ya dini yetu, na haya ndiyo tunayoyashika hivi sasa chuoni, na tunayowausia wazazi.

Kwanza ni ruhusa. Hakuna kitu kitakachofunguliwa ila kwa idhini ya mwenyewe, hata kikiwa kibovu, hata kikiwa kimetupwa uani. Kitu kibovu kina mwenyewe vile vile. Mtoto anayejifunza ufundi kwa mali ya watu asiyoiombea atakuwa fundi, lakini atakuwa fundi mwizi, na watu wanawajua mafundi wa namna hiyo.

Pili ni kutumia betri za tochi peke yake. Umeme wa ukutani una volti 230 au 240, nao huua. Mtoto asifungue kitu kilichochomekwa ukutani, wala asichomeke ukutani kitu alichokitengeneza mwenyewe. Vipo na vitu vinavyoua hata baada ya kuchomolewa: runinga za zamani zenye kioo kinene na majiko ya mikrowevu hubaki na umeme mkali ndani yake katika vyombo viitwavyo kapasita. Hivyo asiviguse kabisa. Betri za simu nazo ni hatari ya namna nyingine. Ikitobolewa, ikipondwa, au ikipata moto, hulipuka moto usiozimika kwa urahisi. Na ikivimba, iondolewe nyumbani. Na vile vijibetri bapa mfano wa kifungo cha shati, vifichwe mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza kimoja, koo yake yaweza kuungua ndani ya saa mbili. Asingojewe, apelekwe hospitali papo hapo.

Tatu ni usimamizi wa moto. Chuma cha kulehemu hufika joto la kupita daraja 300, na kimeunguza vidole vingi. Mtoto asikishike ila mkubwa yupo, dirisha li wazi, na ndugu zake wadogo wako mbali. Na kwa kuwa waya wa kulehemu aghlabu huchanganywa na risasi, ambayo ni sumu, asile chochote akiwa kazini, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni. Mtoto mdogo asiyefikia daraja hiyo anaweza kuunga nyaya zake kwa kuzisokota tu, na taa itawaka vile vile.

Nne ni wakati. Sala kwanza, kisha somo la chuoni na la skuli, kisha kazi za nyumbani, kisha nyaya. Tumeona kuwa mtoto akipewa saa yake maalumu, Alhamisi jioni au Jumamosi asubuhi, haibi saa za wengine. Anayekatazwa kabisa ndiye anayefungua vitu usiku chini ya shuka.

Tano ni kumaliza. Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu apenda mja wake anapofanya kazi aifanye barabara. Basi kazi ikianzwa imalizwe, na iwe na faida ya mtu: taa ya bibi, kengele ya mlango kwa jirani asiyesikia vizuri, feni ndogo ya kupepea jiko la makaa. Na vyombo virudi mahali pake. Meza iliyoachwa imetapakaa misumari na vipande vya waya ni udhia kwa mama wa nyumba, na kuondoa udhia ni katika imani.

Wazazi wengine watauliza habari ya gharama. Jawabu ni kuwa kazi hizi katika kuanza kwake hazitaki mali. Zataka sanduku moja la kuwekea vitu vibovu ambavyo leo vyatupwa jaani, bisibisi moja, koleo ndogo moja, na mkubwa mmoja wa kuuliza, “Leo umefanya nini?” Hilo la mwisho ndilo ghali kuliko yote, kwa sababu halinunuliwi dukani. Baba asiyejua kitu katika umeme asione haya. Sisi tumesoma Kurani na skuli ya msingi tu, na umri wetu umepita hamsini, nasi tulikaa mkekani tukafundishwa na mtoto, na haikutupunguzia heshima kitu.

Taa ile ilikwisha baada ya siku mbili. Ilitiwa katika kibweta kipya cha sabuni tulichokinunua sisi, pamoja na betri tatu. Bibi huiweka kwenye ngazi ya uani, na kila tupitapo nyumbani kwao hutuombea dua ambazo hatuzistahili. Mtoto alirudi chuoni na amefika juzuu ya kumi na tatu. Saa yetu ya ukutani ikisimama yeye ndiye anayeiteremsha, kwa idhini yetu.

Lakini tusiwafiche wasomaji wetu jambo moja. Mpaka leo, tukipita karibu yake chuoni, tunamwona mtoto yule anauvuta mkoba wake kidogo na kuuweka upande wa pili. Hafanyi hivyo kwa utovu wa adabu, na huenda hata yeye mwenyewe hajui kuwa anafanya. Kibweta tulikilipa siku ile ile. Hili bado tunalilipa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye litakwisha lini. Mzazi atakayekuta kesho redio imemwagwa juu ya mkeka, na akumbuke mkoba huo kabla ya kuinua mkono wake au mguu wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa na mikono yenye amana, na atupe sisi walezi wao subira ya kuuliza kabla ya kuvunja. Amin.